Duka la vitabu vya dini Kariakoo: Barzanji na vitabu vya kuipinga vimekaa rafu moja

Naandika hii kwa wale ambao Ramadhani ikikaribia mnaanza kuulizana wapi hapa Dar mtu anapata vitabu vya dini vya Kiswahili vya maana, sio zile karatasi za kutoa kopi zinazouzwa nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Jina la duka silitaji kwa vile nina malalamiko yangu huko chini na mwenyewe ni mtu mzima anaheshimika, ila wazoefu wa Kariakoo mkisoma mtalijua tu, liko vichochoro vya nyuma ya Msimbazi, katikati ya wauza kanzu na wauza udi, mlango mwembamba ila ndani linaenda mbali kweli. Nalipa nyota 4 kati ya 5 na hiyo moja niliyokata sijakata kwa roho mbaya.

Kwanza tuelewane kuhusu maduka yetu haya kwa ujumla. Mengi ukiweka mguu tu unajua umeingia kwa nani. Kuna ya watu wa maulidi, unakuta Barzanji na Simtu Durar (vitabu vya kumsifu Mtume vinavyosomwa kwenye maulidi), nyiradi za tarika za Kadiria na Shadhilia, tasbihi zimening'inia na picha ya sharifu fulani wa Hadhramaut ukutani. Na kuna ya watu wa Sunna, wenyewe ndo wanajiita hivo, mtaani wanaitwa Answari au Mawahabi jina ambalo hawalipendi hata kidogo, huko Barzanji huikuti ng'o, unakuta vitabu vya tauhidi, namna ya kuswali kama alivyoswali Mtume (s.a.w.), vitabu vya kubainisha bid'a (uzushi katika dini), miswaki na habat soda. Kila upande una wateja wake na kila upande unaamini kabisa duka la pili linapoteza watu. Sasa huyu mzee, wote tunamwita Maalim, yeye kaweka vyote, tena kwenye rafu moja. Barzanji sh. 2,000, pembeni yake kijitabu cha kusema maulidi ni uzushi, na chenyewe sh. 2,000. Nikamuuliza Maalim hii umekusudia au ni kijana kapanga vibaya, akacheka akasema "mwanangu mimi nauza vitabu, pepo siuzi."

Nilikaa pale muda mrefu tu nasoma vyote viwili nimesimama (hawakufukuzi, nyota ya kwanza hiyo) na kiukweli ukivisoma kwa pamoja ndo unaelewa huu ugomvi ambao unatugombanisha mpaka kwenye misiba. Upande mmoja wanashika hadithi iliyopo kwenye mkusanyo wa hadithi wa Sahihi Muslim, kila bid'a ni upotofu, wanasema kila ni kila, Mtume hakusherehekea mazazi yake, maswahaba hawakufanya, basi imekwisha. Upande wa pili wanakuletea Sayyidna Umar kwenye mkusanyo wa Bukhari, alipowakusanya watu kwenye taraweh nyuma ya imamu mmoja akasema bid'a nzuri iliyoje hii, na wanakuletea kwamba Imamu Shafii mwenyewe kapokewa akigawa jambo jipya mafungu mawili, la kusifiwa na la kulaumiwa. Alafu kuna Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, kwenye kitabu chake cha kuielezea Sahihi Muslim anasema hilo neno "kila" hapo limekuja kwa ujumla lakini limehusishwa, yaani makusudio ni bid'a nyingi sio zote. Upande wa kwanza nao wana jibu, kwamba Umar alikusudia lugha tu kwa sababu taraweh ya jamaa Mtume alishaiswalisha siku kadhaa akaacha kwa kuogopa isije ikafaradhishwa. Unaona? Ni watu wenye hoja dhidi ya watu wenye hoja. Ila ukisikiliza darsa za mtaani utadhani upande mmoja una Qurani na mwingine una ngoma tu.

Na hapo hapo, nikiwa nimesimama, akaingia mzee kavaa koti na kofia ya viua, katafuta Barzanji kadhaa za maulidi ya mtaani kwao Magomeni, nyuma yake kijana suruali iko juu ya kifundo, ndevu zimeachwa. Kijana kaomba Riyadhus Salihina, kile kitabu cha hadithi. Mzee akamalizia na yeye, nipe na Riyadhus Salihina moja ya mjukuu. Kitabu hicho hicho, cha huyo huyo Nawawi! Wakaangaliana, wakapeana salamu, mzee akamtania kijana kuhusu urefu wa suruali, kijana akamjibu kwa adabu tu, "shikamoo mzee wangu, mafuriko ya Jangwani yalishanifunza." Maalim alicheka mpaka akakosea chenji.

Haya, sehemu ya tarjama za Qurani ndo wateja wengi wanaiendea kwa hiyo niseme kidogo. Ipo ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar 1912, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, tarjama yake kamili ilitoka Nairobi 1969 na ina maelezo chini ya kila ukurasa ambayo kwangu mimi ndo utamu wenyewe, mkali kweli kweli, anajibu watu kwa majina, hasa Makadiani (Waahmadiya) ambao walitoa tarjama yao ya Kiswahili 1953. Ipo ya Sheikh Ali Muhsin Barwani ya 1995, huyu alikuwa mwanasiasa, waziri katika serikali iliyopinduliwa Zanzibar 1964, akakaa jela ya bara miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka na maelezo ni ya upole zaidi, yanafuata tafsiri iliyoandaliwa Misri. Na zipo nakala za Madina, zile za kiwanda cha Mfalme Fahd kilichofunguliwa 1984, karatasi nzuri, jalada gumu, kimsingi ni za kugawiwa bure lakini ukizikuta dukani zinauzwa usiulize zimefikaje. Kama ni ya kwanza kununua chukua Barwani, kama una mtu wa kukusomesha chukua Farsy. Nakala ya Farsy niliyoiona pale ni chapa ya karibuni na wino wa maelezo ya chini umefifia, kagua kabla ya kulipa.

Na Farsy huyu nina sababu ya kumtaja zaidi maana kuna uongo mmoja unazunguka, kwamba hii habari ya kupinga bid'a imeletwa na pesa za mafuta na vijana waliorudi kusoma Madina. Nusu kweli. Mombasa kulikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alizaliwa 1891, mtu wa hapa hapa pwani, Shafii, alikuwa anasoma jarida la Al-Manar la Rashid Rida kutoka Cairo, na 1930 akaanzisha gazeti la Sahifa, 1932 Al-Islah, humo anawapiga vijembe Waislamu wa pwani kwa kutumia mali kwenye hitima na kuacha kusomesha watoto wao, wa kiume na wa kike. Alitaka watu wasome hesabu na lugha za kigeni! Baadae akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki 1947. Farsy alisoma kwake, na yeye akaja kuandika vijitabu vya kupinga bid'a vilivyowachoma sana masharifu wa Lamu. Sasa huyu Mazrui utamweka wapi? Kwenye bid'a yuko na watu wa Sunna, kwenye elimu yuko mbele ya wote. Vijitabu vya masheikh wa namna hii Maalim anavyo, viko juu kabisa, omba ngazi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani kitawafaa zaidi kuliko bei. Mtu ukiingia duka lenye kila aina unachaguaje? Mimi kipimo changu ni qunuti ya alfajiri, ile dua inayosomwa mtu akiwa amesimama ndani ya swala. Chukua kitabu chochote cha swala fungua sehemu hiyo. Sisi Mashafii tunaleta qunuti kila alfajiri, Mahanafi na Mahambali hawaleti ila kwa sababu maalumu. Kuna kitabu kitakwambia Shafii kasema hivi kwa dalili hii, Abu Hanifa na Ahmad wameona vile kwa dalili ile, na mwandishi anaegemea huku. Kuna kitabu kitakupa kauli moja kama vile hakujawahi kuwa na nyingine duniani. Na kuna kitabu kitakwambia anayeleta qunuti ni mzushi na swala nyuma yake ina mashaka. Hicho cha tatu rudisha kwenye rafu taratibu. Na msidhani nawasema watu wa Sunna peke yao hapa, maana Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, aliyefariki 2001, ambaye kwa watu wa Sunna ni mlima, yeye mwenyewe qunuti ya kila alfajiri haoni kama ni sunna, lakini anasema ukiswali nyuma ya imamu anayeleta qunuti mfuate, nyanyua mikono uitikie amina, kwa ajili ya umoja. Wakati upande wetu wa maulidi nimeshakuta kijitabu kinasema asiyesoma maulidi hampendi Mtume, moja kwa moja, bila aibu. Kwa hiyo ukali wa fiqhi ni kitu kimoja na ugumu wa kichwa ni kitu kingine kabisa, mtu anaweza akaishi maisha yake yote hasikilizi muziki na suruali iko juu na akawa jirani bora kuliko wewe.

Jambo jingine la kukagua ni chapa. Vitabu vya wanazuoni wa zamani vinapochapwa upya mara nyingine vinaguswa. Mfano unaojulikana ni Adhkar, kitabu cha dua cha huyo huyo Nawawi, kuna chapa ilitoka Riyadh ambayo mlango wa kuzuru kaburi la Mtume uligeuzwa ukawa wa kuzuru msikiti wa Mtume. Ndo maana Maalim ukimwuliza kitabu cha Kiarabu anakuuliza kwanza unataka chapa ya Beirut, ya Cairo au ya Riyadh, na anakueleza tofauti, hii huduma kwingine hupati, kwingine muuzaji hata kusoma jalada ni shida.

Kwenye kona ya mlangoni kuna boksi la vya bure. Vipeperushi, vingi vya zamani, vya kutoka Saudia vilivyofasiriwa Kiswahili cha ajabu ajabu. Nimechukua kama utani lakini vinafikirisha, maana vingine ni vikali kuliko nchi iliyovichapa. Mwaka 1990 Sheikh Bin Baz, mwanazuoni mkubwa wa Saudia, alitoa fatwa ya kukataza wanawake kuendesha magari, na watu wetu huku wakaihubiri kama vile imeshuka na Jibrili. Juni 2018 Saudia wenyewe wakaruhusu, miezi michache kabla walishafungua sinema Riyadh, na polisi wa dini walishanyang'anywa uwezo wa kukamata watu tangu 2016. Kipeperushi kiko Kariakoo bado kinakataza. Nilimwambia Maalim atupe hilo boksi akasema kuna akina mama wanafungia karanga. Sijui kama alikuwa anatania.

Sasa malalamiko. Ndani kabisa kuna kijana na laptopu, anajaza mawaidha kwenye flashi na memori kadi, sh. 3,000 flashi nzima. Mafolda yamepangwa kwa majina ya masheikh. Nilimpa flashi nikamwambia niwekee tafsiri ya Qurani na sira tu, za kusikiliza kwenye foleni ya Morogoro Road. Nimefika nyumbani nafungua, tafsiri ipo, sira ipo, na kuna folda la tatu halina jina wala halikuombwa, sauti za mtu hajitambulishi, anachambua fulani ni kafiri, fulani ni murtadi, anayepiga kura kakufuru, masheikh wote wa BAKWATA (baraza kuu la Waislamu Tanzania) ni wanafiki, hakuna dalili hakuna kitabu kinachotajwa, ni ukali mwanzo mwisho. Jamani! Flashi hiyo ningempa mwanangu wa sekondari. Nilirudi nikamwuliza, "ustadhi hii umeniwekea ya nini?" ananijibu "aah hiyo ni bonasi tu, inaingiaga yenyewe, wateja wanaipenda." Inaingiaga yenyewe! Maalim alipoambiwa alinuna, akamfokea mbele yangu, lakini alivyofoka niliona kabisa hajui kuna nini mle kwenye laptopu, yeye macho yake yako kwenye vitabu, na vijana wa leo vitabu hawasomi, wanasikiliza. Rafu imepangwa kwa akili, ila laptopu ambayo ndo inabeba watu wengi haina msimamizi. Nyota niliyokata ndo hii.

Na sio mambo ya kuchukulia poa. Ng'ambo ya Ruvuma hapo, Cabo Delgado ya Msumbiji, kabla ya mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, kulianza hivi hivi, kikundi cha vijana kinajitenga na misikiti ya wazee, kinawaambia wazee wao sio Waislamu wa kweli, wazee walilalamika mapema. Vita ile ina mambo mengi ndani yake, umaskini, ardhi, rubi, gesi, sidai kwamba kaseti ndo zimefanya yote. Lakini yule anayekata vichwa vya Waislamu wenzake lazima kwanza awe ameshawatoa kwenye Uislamu, na mlango wa kuingilia huko ni huo wa kukufurisha watu. Mtu wa Sunna wa kawaida hafiki huko, wanazuoni wao wengi wamepigana nao hao watu kwa kalamu. Watoto wetu ndo hawajui wapi mstari umepita kwa sababu hakuna aliyewaonesha.

Na hapo ndo kuna pengo la duka lenyewe. Nilitafuta chochote cha Kiswahili kuhusu tamko la Amman sikupata. Hili lilianza Novemba 2004 kule Jordan, na Julai 2005 wakakutana wanazuoni karibu 200 kutoka nchi 50 wakakubaliana mambo matatu: madhehebu 8 yote wafuasi wake ni Waislamu, manne ya Sunni, mawili ya Shia, Ibadhi na Dhahiri, haifai kuwakufurisha, wala kumkufurisha Mwashari (anayefuata itikadi ya Imamu Ash'ari), wala mtu wa tasawwuf, wala mwenye fikra sahihi za Kisalafi, na fatwa haitolewi na kila aliyekamata maiki. Yaani yule mzee wa Magomeni na yule kijana wa suruali wote wametajwa humo kuwa ni Waislamu. Ibadhi nao wamo, na sisi tuna ndugu na majirani Maibadhi toka enzi za Masultani. Barua ya Septemba 2014 ya wanazuoni 126 kwenda kwa Baghdadi, aliyekuwa kiongozi wa kundi la ISIS, nayo sikuiona, ile ina vifungu 24 vya kumjibu kwa Qurani na hadithi mstari kwa mstari. Maalim anasema hakuna aliyemletea, mchapaji akileta atauza. Basi nyie mnaojua Kiarabu na mna muda, kuna kazi hapo, tena itauzika.

Vitabu vya Kiibadhi anavyo vichache, kutoka Oman, vya Kishia hana, anaogopa kuvunjiwa duka, anasema hapo mtaani vioo vina gharama. Vya wanawake vimejaa hedhi na haki za mume, cha wanawake wanazuoni hakuna hata kimoja, nilimuuliza dada mmoja aliyekuwa anachagua akaniambia kaka nishazoea.

Ya kawaida sasa. Bei haziandikwi, unauliza, na ukionekana umetoka ofisini inapanda kidogo, punguza kwa adabu wanapunguza. Lipa namba ipo. Risiti mpaka uombe. Adhuhuri wanafunga kwa swala, usiende saa saba utasimama juani, na Ijumaa usiende kabisa kabla ya saa tisa. Gari acha mbali, pale hamna pa kuegesha. Vitabu chukua bila wasiwasi. Flashi nenda na yako, mwambie kijana akuoneshe kila folda kabla hajaichomoa, na folda lisilo na jina mwambie alifute ukiwa umesimama hapo hapo.